Bu Sekunde na Orodha ya Marehemu

Kabla hajawa mtunzaji wa orodha ya marehemu wa kijiji cha Karangsemilir, Murtiningsih alikuwa mtu wa kuchukiwa. Miaka kumi na sita alifanya kazi katika kiwanda cha mashati nje ya mji wa Klaten, kisiwani Java, na kazi yake ilikuwa kusimama nyuma ya washonaji na saa ya kubonyeza mkononi. Kola, sekunde thelathini na nane. Kifungo, sekunde nne. Kila alipobonyeza, mtu mmoja alikunja uso. Wakampachika jina la Bu Sekunde, yaani Mama Sekunde, na hawakulisema kwa mapenzi.

Yeye mwenyewe hakuwa na roho mbaya. Alichokipata kiwandani, zaidi ya miguu kuvimba, ni imani moja: watu hawajui muda wao unakwenda wapi. Muulize mshonaji nini kinamchelewesha, atakwambia uzi mbaya. Muulize msimamizi, atasema uvivu. Pima sasa, utakuta ni mkasi, unaotafutwa mara arobaini kwa siku chini ya vitambaa. Wote wawili walikuwa na uhakika, na wote wawili walikosea. Bu Murti, kama walivyomwita nyumbani, aliliona jambo hilo mara nyingi mno hata akaacha kuamini uhakika wa mtu yeyote, wake ukiwemo.

Kiwanda kilipofungwa alirudi kukaa nyumbani na mumewe Gito, fundi wa pampu za maji. Hapo ndipo Pak Suhirman alipomjia, na Pak kwao ni bwana. Huyu alikuwa mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, aliyeanza kujifunza kuandika programu za kompyuta akiwa na miaka sitini na mitano, wakati wenziwe walikuwa wanafuga njiwa. Aliandikia chama cha mazishi cha kijiji programu ya kutunza majina ya wafu wote, akaiweka kwenye kompyuta inayokaa ofisini kwa chama, katikati ya kabati la sahani na jeneza la kubebea maiti. Hakutaka kupanga nafasi kwenye mashine za watu wa mbali. Wafu wa Karangsemilir, alisema, walale Karangsemilir. Alimhitaji mtu makini wa kuingiza majina, na kwa miaka saba Bu Murti akaingiza, akauliza, akajifunza, mpaka naye akaweza kuandika. Mwalimu alifariki miaka mitatu iliyopita. Sasa yumo kwenye orodha yake mwenyewe, nambari 2,240, na mashine ikabaki mikononi mwa Bu Murti.

Orodha hii ina siku yake kubwa. Katika mwezi wa Ruwah, kabla ya Ramadhani, kijiji kizima huenda makaburini, husafisha, hutandika mikeka, na majina ya wafu husomwa yote, mmoja mmoja. Hayasomwi kwa alfabeti. Husomwa kwa siku ya soko aliyofia mtu: Legi, Pahing, Pon, Wage, Kliwon, zile siku tano zinazozunguka bila kujali Jumatatu wala Jumanne. Familia nazo huketi hivyohivyo, mikeka mitano. Jina likisomwa, mkeka wake huitikia amina. Jina likisomwa kwa mkeka usio wake, halina wa kuliitikia, na hakuna mzazi anayetaka hilo limpate mtoto wake.

Mwaka jana mambo yaliharibika. Mwaka wa nyuma yake walikuwa wamechapa karatasi, mvua ikazigeuza uji, basi safari hii Pak Modin, msomaji dua wa kijiji, alisoma kutoka kwenye kioo cha kishikwambi. Lakini mikekani nako kila mwenye simu aliufungua ukurasa uleule ili ahakikishe mtu wake yumo. Mashine ikaelemewa. Pak Modin alisoma Legi, akasoma Pahing, akafika katikati ya Pon mashine ikaganda. Walingoja. Watoto wakaanza kulia njaa. Mwisho Pak Modin akafanya dua moja ya jumla kwa wote ambao hawakutajwa, watu wakafungua vitumbua vya apem wakala.

Kwenye mkeka wa Wage alikuwa ameketi Mbah Tukinem, bibi wa miaka themanini na minne. Mwanawe wa pekee, Wahono, alifariki kwa homa akiwa na miaka kumi na tisa, sasa inapata miaka thelathini na minane. Watu walipoanza kula, yeye aliendelea kukaa amefumbata mikono. Bu Murti alimfuata kumwambia kwamba yamekwisha.

"Bado Wahono," Mbah alisema.

"Mashine imekwama, Mbah."

"Sawa. Nangoja."

Bu Murti alirudi nyumbani siku hiyo akiwa na aibu ya kutosha mwaka mzima.

Mwaka huu, wiki moja kabla ya siku, mwenyekiti wa chama aliitisha kikao. Pak Haryoko ni mfyatua matofali, mtu wa maneno mafupi, na kwa haki yake si mtu mbaya.

"Bu Murti, simu yangu hii inanionyesha mpira wa Uingereza kwa sekunde moja. Orodha yetu wenyewe, iliyo nyuma ya ukuta huu, naifungua, nakunywa chai, chai inaisha."

"Basi kunywa polepole, Pak."

Watu wakacheka. Haryoko akangoja wamalize.

"Majuzi tuliwatoa kwenye nakala ya majaribio wale waliokufa zaidi ya miaka ishirini. Uliona mwenyewe ukurasa ulivyokimbia. Kutoka sekunde kumi na tisa mpaka nne. Basi tufanye hivyo. Wa zamani tuwaombee kwa pamoja. Siwezi kuwakalisha watu juani mwaka wa pili."

"Na wenye watu wa zamani?"

"Wangapi wamebaki wanaowakumbuka? Nipe njia nyingine, nitaichukua. Mpaka Jumapili."

Hakuna aliyemtaja Mbah Tukinem, lakini kila mtu alitazama chini. Bu Murti alitoka kikaoni na jambo linalomsumbua, na halikuwa huruma peke yake. Ilikuwa hesabu. Walitoa nusu ya majina. Nusu ya majina ikitoka, muda upungue nusu. Mbona umepungua zaidi ya robo tatu? Kwa nini wafu wa zamani wanakula muda mwingi kuliko wafu wapya? Jina ni jina.

Kila mtu alikuwa na jibu lake, kama kawaida. Haryoko alisema ni waya wa mtandao. Mpwa wake anayeuza simu alisema mashine imezeeka. Bu Murti mwenyewe alishuku picha za makaburi, kwa kuwa wa zamani wana picha nyingi, na alikuwa karibu kuzifuta zote. Kisha akajikumbusha mkasi wa kiwandani, akaacha kushuku, akaamua kupima.

Kuna vifaa vya kazi hiyo, vya bure, na vimeundwa na watu ambao bila shaka nao waliwahi kuchukiwa. Unakipachika kifaa kwenye programu. Mtu akiomba ukurasa, kifaa kinalifuata lile ombi tangu linaingia mlangoni hadi linatoka: limepita sehemu gani, limekaa muda gani, limemwita nani, huyo naye kamwita nani. Mwisho kinakuchorea mistari, mirefu na mifupi. Pak Suhirman hakuwahi kukiweka. Alikuwa mtu wa kuamini. Bu Murti alikihangaikia ofisini tangu asubuhi ya Alhamisi, kikikataa hili na kulalamikia lile, na baada ya adhuhuri kikakubali. Akaufungua ukurasa wa orodha mara moja tu. Akasubiri sekunde zake kumi na tisa. Akatazama.

Picha za makaburi: chini ya nusu sekunde. Kuchota majina kwenye hifadhidata: chini ya nusu sekunde. Waya hata haukutajwa. Muda wote uliobaki, sekunde kumi na nane, ulikuwa mstari mmoja mnene uliotanda kutoka ukuta hadi ukuta, na juu yake jina la sehemu ya programu aliyoiandika Pak Suhirman mwenyewe. Aliiita Vidole.

Aliufungua mstari ule aone kilichomo ndani.

Wazee wa Karangsemilir wakitaka kujua mtu alifia siku gani ya soko, huanzia leo, maana ya leo kila mtu anaijua, soko liko palepale. Kisha wanarudi nyuma kwa vidole vitano. Leo Legi, jana Kliwon, juzi Wage, siku moja kabla ya juzi Pon. Wanarudi hivyo mpaka wafike kwenye siku yenyewe, na kwa mtu aliyekufa mwezi uliopita ni kazi ya dakika. Mwalimu alipoifundisha mashine, aliifundisha kama alivyofundishwa na bibi yake. Kwa kila marehemu, mashine ilianzia leo, ikarudi nyuma siku moja, ikarudi nyingine, bila kuruka hata moja, mpaka ikafika kwenye siku aliyokata roho.

Ndiyo maana wafu wa zamani walikula muda. Walikuwa mbali zaidi.

Bu Murti alitafuta mstari wa Wahono. Hatua 13,871. Akarudia kuzihesabu tarakimu kwa ncha ya kidole. Kisha akataka jumla ya wote, watu 2,312, na kifaa kikampa: hatua milioni ishirini na laki moja. Alichukua penseli akagawanya kwa siku za mwaka. Akadhani amekosea, akagawanya tena.

Gito aliingia na bakuli la soto, akamkuta ameshika penseli hewani.

"Umepata?"

"Nimepata. Kaa kwanza."

"Nikae kwani kuna msiba?"

"Gito, mtu mmoja akifungua orodha mara moja, hii mashine inatembea miaka elfu hamsini na tano. Siku moja moja. Kwa miguu, kama sisi."

Gito alitazama kile kisanduku cheusi chenye vumbi, kilichoegemea sahani za chama. "Miaka elfu hamsini na tano. Huko nyuma hapa palikuwa na nini?"

"Ndovu labda. Wewe hukuwepo."

"Na inarudi?"

"Inarudi. Kwa sekunde kumi na tisa. Na sisi tunaitukana."

Soto ikaachwa ipoe. Bu Murti alikuwa amepima vitu maisha yake yote na hakuwahi kukutana na kipimo kama kile. Alikuwa na hofu, ile hofu ya mtu aliyesimama msikitini peke yake mchana hakuna mtu. Siku ile ya mwaka jana, watu sitini waliufungua ukurasa kwa pamoja. Mara sitini mashine ilikuwa njiani kumfuata Wahono, siku kwa siku, pamoja na wafu wengine wote, ikaelemewa na safari. Haikuwa imesinzia. Hakuna aliye hai kijijini aliyewahi kumfanyia marehemu wake kazi kama ile hata mara moja, na alitamani sana Pak Suhirman angekuwepo, yeye amgombeze kidogo, kisha ampigie magoti.

Lakini mshangao haufungui ukurasa. Dawa yenyewe ilikuwa nyepesi hata ikamchekesha. Siku za soko ni tano. Ukijua siku ngapi zimepita, huna haja ya kuzitembea: gawanya kwa tano, kinachobaki ndicho jibu. Badala ya hatua elfu kumi na tatu, hatua moja. Alifuta Vidole yote, ukurasa na nusu ya maandishi ya mwalimu, akaweka mistari minne yake. Akapima tena. Sekunde moja kasoro. Ijumaa asubuhi aliwaita watoto wa shule ya karibu, wakaufungua ukurasa kwa simu themanini kwa pamoja, na mashine haikusita hata kidogo.

Akashindwa kungoja Jumapili. Alichukua simu yake akaenda moja kwa moja kwa Mbah Tukinem, aliyekuwa barazani akichambua mchele.

"Mbah, Wahono hatolewi. Wala mtu mwingine yeyote. Ona." Akagusa kioo, orodha ikajitokeza papo hapo. "Huyu hapa. Wahono bin Kartosemito."

Mbah hajui kusoma vizuri, lakini maneno matano ya siku za soko anayajua kwa sura zake. Aliisogeza simu karibu na uso, kisha akaisogeza mbali.

"Hii ni Pon."

"Ndiyo, Mbah. Alhamisi Pon. Nimepiga hesabu."

"Mwanangu ni Wage."

"Labda umesahau, Mbah. Miaka mingi. Mashine haisahau."

Hapo Mbah Tukinem aliweka ungo chini. "Nduk," alisema, taratibu, kama anavyosema mtu na binti aliyepotea njia nyumbani kwao, "nilikuwa nimeshawasha taa. Nilikwenda kuwasha taa, niliporudi alikuwa amekwenda. Sasa niambie, ilikuwa Alhamisi gani hiyo yenye taa?"

Bu Murti alihisi uso unamchoma. Kila mtoto wa Karangsemilir anajua kwamba siku huanza jua likizama. Jua la Alhamisi likiisha kuchwa, si Alhamisi tena, ni Ijumaa. Pon imekwisha, Wage imeingia. Yeye mwenyewe ndoa yake ilipangwa hivyo, watoto wake walipewa majina hivyo. Lakini mchana kutwa alikuwa amefikiri kama mashine, ambayo siku yake huanza usiku wa manane watu wamelala, na hakukumbuka jambo ambalo hakuwahi kufundishwa kwa kuwa alizaliwa nalo.

"Mbah, nisamehe," alisema. "Ni Wage."

"Najua ni Wage," Mbah alisema, akaokota ungo wake.

Alirudi ofisini anakaribia kukimbia. Alifungua nakala ya zamani, akaisoma Vidole upya, sentensi kwa sentensi, kama alivyopaswa kuisoma kabla hajaifuta. Magharibi ilikuwamo. Katikati ya lile zungusho refu la kurudi nyuma siku kwa siku, mstari mmoja mfupi alioudhania ni takataka: kama saa ya kufa imepita magharibi, ongeza siku. Na saa zenyewe zilikuwamo, za wafu wote. Sasa alikumbuka jinsi mwalimu alivyomkera, kila msiba, hata mtu akiwa bado analia, anamsogelea na kuuliza kwa upole: ilikuwa kabla ya magharibi, au baada? Alidhani ni adabu za kizee. Aliuliza kaya baada ya kaya, hata kwa waliokufa zamani, akiwakalisha wajane na kuwauliza nani alikuwa anapika nini, ng'ombe walikuwa wamerudi au bado, mpaka akapata saa.

Alihesabu wangapi aliwahamisha kwa ile dawa yake nyepesi. Mia tano themanini na wanane. Robo ya kijiji cha wafu angeiketisha kwenye mikeka isiyo yao, na kwa kasi ya ajabu. Kasi ile ingepigiwa makofi. Aliurudisha mstari wa mwalimu ndani ya mistari yake minne, ikawa mitano. Kisha, kwa kuwa sasa hakujiamini, aliiacha mashine itembee kwa njia ya zamani mara moja ya mwisho, hatua zote milioni ishirini, akalinganisha majibu yake na ya mwalimu, jina kwa jina, watu wote 2,312. Hakuna hata mmoja aliyetofautiana. Akalia kidogo, akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na jeneza, na hakuona haya.

Jumapili Pak Haryoko alileta chai yake makusudi. Akafungua ukurasa, orodha ikatoka kabla hajainua kikombe.

"Umewatoa wangapi?"

"Hata mmoja, Pak."

Alipitisha kidole mpaka chini kabisa, akamkuta babu yake, aliyezikwa kabla yeye hajazaliwa. Akakaa naye kidogo. "Basi," alisema, "mimi sina neno," na chai akainywa imepoa.

Siku ya makaburini anga ilikuwa nzito lakini mvua ilijizuia. Simu zilikuwa mia moja na zaidi. Pak Modin alisoma Legi, akasoma Pahing, akasoma Pon, na alipomaliza Pon watu walitazamana, maana mwaka jana hawakufika hapo. Akafungua Wage. Bu Murti hakuwa na mtu kwenye mkeka ule; alikwenda tu kukaa nyuma ya Mbah Tukinem, asijue afanye nini na mikono yake. Majina yalikuwa mia nne na hamsini na kitu. Wahono alikuja karibu na mwisho.

Mkeka mzima uliitikia amina, na sauti ya Mbah ilichelewa kidogo nyuma ya wengine, kwa hiyo ilisikika peke yake. Alipitisha viganja usoni, akavishusha. Kisha akajigeuza nusu, bila kumtazama Bu Murti.

"Nduk, nami nikifa, mtaandika saa?"

"Tutaandika, Mbah."

Mbah alifikiri kidogo, akivunja apem vipande viwili, kimoja akampa.

"Nitajitahidi iwe asubuhi," alisema. "Nisikuchanganye hesabu."